Kidude Nilichokikuta Mfukoni mwa Wifi

Mshauri wangu mpendwa, nakuomba uninusuru kabla ya Jumatatu. Mimi ni keshia wa duka la dawa na mashine yetu ya kadi ina waya mfupi, haifiki dirishani, kwa hiyo tumezoea mteja atupe kadi na atutajie namba yake ya siri; wifi yangu, dada wa mume wangu niliye naye kazini, anaipokea kadi ananipitishia, mimi nabonyeza, na miaka miwili hakuna aliyelalamika, mpaka mwezi huu wateja wanne wamekuja juu kwamba akaunti zao zimekombwa, mmoja ni mama mtu mzima aliyekuwa akijiwekea za kutibiwa macho. Bosi kamkazia mlinzi, eti ndiye anayesimama pale dirishani akisikia namba, na Jumatatu anamkabidhi polisi. Mlinzi anaapa mpaka anatokwa machozi, nami nilimwona mwongo, hadi juzi nilipofua makoti ya kazi nikakuta mfukoni mwa wifi kidude kidogo kama kiberiti, kina mwanya wa kupitishia kadi. Nikamwonyesha mume wangu. Alikigeuzageuza, akasema, "Ukimtaja dada yangu, tafuta pa kuishi." Nina watoto wawili, dada mshauri. Kidude nimekificha. Nifanyeje?

Pole mama, mumeo amekuweka pabaya. Lakini acha kwanza nikugombeze, maana wifi yako asingefika popote bila mazoea yenu. Namba ya siri haitajwi dirishani, hata kwa keshia anayechekacheka na mteja! Kidude hicho kinanakili kadi, namba mnatangaziwa kwa sauti, mwizi anabakiwa na kazi gani tena? Mlimpikia, mkampakulia.

Sasa nisikilize. Usikitupe, wala usimrudishie. Kipeleke leo hii kwa bosi, na koti lenyewe, mbele ya shahidi. Kila aliyelipa kwa kadi dukani kwenu apigiwe simu aifunge kadi yake benki. Nunueni waya mrefu, mashine ikae upande wa mteja, kadi isitoke mkononi mwake, abonyeze mwenyewe huku amefunika kwa kiganja. Mumeo mwambie ukishatoka kwa bosi, si kabla. Akikufukuza, nenda kwenu na wanao. Utaumia, sikudanganyi, ila mlinzi naye ana watoto na hajaiba.

Utanikasirikia, lakini barua yako nimeichapa bila kupunguza neno. Wifi yako akiusoma ukurasa huu atajijua, na gazeti liko mitaani tangu asubuhi. Mtangulie kwa bosi.