Usitangulie, Mwalimu

Mpendwa Baba Kemunto,

Mmeamkaje huko Kiogoro? Mgongo wa Mama umepoa, au bado anaukanda kwa maji ya moto huku akikataa kwenda hospitali? Kemunto bado anaficha uji chini ya kitanda? Na wewe, kikohozi cha vumbi la chaki kimekuachilia? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Ni vidole vya miguu tu ndivyo vinalalamika. Vilizoea udongo mwekundu wa Kisii, sasa vimeletwa Austria kufungiwa ndani ya soksi tatu, na havijanisamehe.

Kabla sijaendelea, weka hiyo kalamu nyekundu chini. Najua unaisoma barua hii ukiwa nayo mkononi. Ngeli nimezichanganya na nitazichanganya tena, na huna haki ya kunipa alama. Wifi yangu Moraa aliniuliza katika barua yake kwa nini sisi Wakisii wawili tunaandikiana kwa Kiswahili. Nilimjibu kwamba nimeolewa na mwalimu, nifanye nini. Lakini wewe unajua. Kwa Kikisii kuna maneno mke hawezi kumwambia mumewe bila kuangalia chini. Hata nikiwa peke yangu chumbani huku ng'ambo, nikiyaandika kwa lugha ya nyumbani nahisi Mama amesimama mlangoni na ungo wake. Kiswahili hakina mama mkwe. Kwa hiyo leo nitasema mengi, univumilie.

Barua yako imefika. Nilikuuliza kama utakuja Desemba shule zikifungwa, na wewe umenijibu kwa neno moja: "Nitafikiria." Ole wangu! Hiyo nitafikiria yako naijua. Ulimwambia fundi wa paa utafikiria, na mpaka leo mvua ikinyesha jikoni tunaweka sufuria chini. Umesema tena kaka yako mkubwa anauliza ni mwanamume gani huyo anayepanda ndege kumfuata mke. Halafu chini kabisa, kwa maandishi madogo kama ya mtu anayeiba, umeandika: "Nikija, tutakaa wapi, na tutafanya nini siku zote hizo?"

Hayo maandishi madogo ndiyo nimeyashika. Nimeyasoma mpaka karatasi imelegea. Matroni wetu hapa hospitali anataka nimwambie mwezi huu huu kama nachukua likizo Desemba, la sivyo ataipa mwenzangu. Na tukiikosa hii, Baba Kemunto, wewe utarudi darasani, mimi nitarudi kwenye zamu, na utakuwa mwaka mwingine mzima wa kuonana kwa stempu. Mimi mwaka mwingine wa namna hiyo siuwezi. Nimesema.

Basi nimekwenda kukutafutia jibu. Watu wa hapa theluji ikianguka hawakai ndani. Wanajifunga mbao mbili ndefu miguuni, wanapanda mlima, wanateleza mpaka chini, kisha wanapanda tena ili wateleze tena. Usicheke. Mimi nilicheka, halafu nikajaribu, nikaacha kucheka. Mke na mume huwaacha watoto kwa nyanya yao, wakaenda mlimani wawili tu, na hakuna anayeuliza wanakwenda kufanya nini. Grete, muuguzi mwenzangu wa wodi moja, ana gari dogo, akanipeleka kuangalia vijiji viwili. Nimevikagua kama wewe unavyokagua ng'ombe, mpaka meno.

Majina yao yanauma ulimi, kwa hiyo nimevibatiza. Cha kwanza nimekiita Manga, kwa sababu kimekaa juu ya jabali kama Manga yetu. Cha pili nimekiita Keroka, kwa sababu ya ukungu wake wa asubuhi.

Manga ni pazuri, sitakudanganya. Hoteli zina vioo kutoka chini hadi juu, na mlima wenyewe umesimama wima. Mtu anayeteleza huko awe anajua anachofanya, maana sisi wawili tungeokotwa vipande. Chakula ni nguruwe, na sisi Wasabato hatumgusi. Soseji ni nguruwe, supu ina nguruwe, hata kabichi nilipoifunua nikamkuta amejificha humo. Nilikula mkate na jibini nikijiuliza Mchungaji angeniona angesema nini.

Lakini nilipapenda kwa sababu ya viti. Unapandishwa mlimani kwa viti vya chuma vinavyoning'inia kwenye waya, kimoja kimoja, vikifuatana. Unakaa, unabebwa, miguu inaelea hewani. Hakuna kelele. Baba Kemunto, sijui nikuelezeje kimya hicho. Theluji inaimeza sauti yote. Chini yangu misonobari imevaa nyeupe, ukungu umelala bondeni, na mimi napita juu yake kama mtu aliyekufa ambaye bado hajaambiwa. Nikasema moyoni, hapa ndipo pa Mwalimu wangu. Kila mtu na kiti chake, mwanamume mbele, mke nyuma, hakuna wa kutusengenya.

Grete alikuwa kwenye kiti cha mbele. Njia nzima nilikuwa naangalia mgongo wake. Nikajiambia, hebu nimtoe Grete hapo, nimweke mume wangu. Nikafumba macho nikakuita. Ukaja vizuri kabisa, na lile koti la kahawia, na kile kiraka begani nilichokishona mimi. Nikangoja ugeuke. Hukugeuka. Nikajaribu kuvuta uso wako, pua, masharubu, ile alama ya ndui karibu na sikio. Vilikuja kimoja kimoja, havikukubali kukaa pamoja.

Niliogopa sana. Picha yako ninayo, lakini kwenye picha umesimama kama unangoja mkaguzi wa shule, huyo si wewe. Nikakaa hewani pale nikifikiria kwa nini, na jibu lilikuwa rahisi. Tangu tuoane nimetembea nyuma yako. Tukienda sokoni Daraja Mbili, wewe mbele na fimbo, mimi nyuma na ndizi kichwani. Tukienda kanisani, wewe mbele na Biblia, mimi nyuma na mtoto. Hata siku ya harusi! Mchungaji alimaliza kuhubiri kwamba mke ametolewa ubavuni, watu wakasema amina, tukatoka nje, na kabla sijakunja gauni vizuri ulikuwa umeshafika barabarani. Sikulaumu. Baba yako alitembea hivyo na baba yangu alitembea hivyo. Nasema tu kwamba mgongo wako naujua kuliko uso wako, na sasa niko mbali, na mgongo haunitoshi. Nililia. Grete alipouliza nilisingizia upepo.

Sasa nikueleze Keroka, na ukicheka ucheke kwa sauti ndogo.

Keroka hakuna viti. Kuna waya unaozunguka, na kwenye waya kunaning'inia vyuma vyenye umbo la herufi T iliyopinduliwa chini juu. Chuma kimoja ni cha watu wawili. Mnasimama na mbao zenu miguuni, kinakuja kwa nyuma, kinawagusa chini ya kiuno, huyu upande huu na huyu upande ule, kinawasukuma mpaka juu. Hamkai. Mnasimama tu, mnaegemea, mnavutwa.

Grete alikuwa amebaki akifunga viatu. Msimamizi akanipanga na mzee mmoja mkulima, mwenye kofia ya manyoya, mtu wa heshima kabisa. Sasa mimi, mke wa watu, mtoto wa Nyamira, nitasimama ubavu kwa ubavu na mzee wa watu? Nikafanya nilivyolelewa. Nilirudi nyuma hatua moja, nikainamisha kichwa, nikampisha atangulie.

Chuma kikaja. Kilimchukua mzee upande wake, upande wangu kikakuta hewa, kikazunguka, kikamtupa kifudifudi kwenye theluji. Kofia ilienda peke yake mlimani. Mashine ikasimamishwa. Foleni nzima, baba na mama na babu, wanamwangalia mwanamke mweusi aliyesimama pale na adabu zake. Msimamizi alipiga kelele kwa Kijerumani cha hasira. Nikamwambia Grete, "Mwambie nilikuwa nampisha mzee." Grete akajaribu kutafsiri, akashindwa kwa kicheko, akakaa chini. Mzee mwenyewe alisimama, akajipangusa, akanipa mkono. Ningeweza kumkumbatia, ila nilishafanya ya kutosha.

Aliyeniokoa ni Mama Rosa. Ni mjane mwenye nyumba ya wageni pale chini ya mlima, mnene, ana aproni ya bluu na sauti kama ya Mama akiita mbuzi. Alitoka jikoni akauliza kulikoni. Alipoelezwa akanitazama akasema, Grete akitutafsiria, "Kwenu mwanamume hutangulia?"

"Ndiyo, Mama."

"Hata wangu alikuwa hivyo. Miaka yote hatua kumi mbele yangu, hata tukienda kumzika mtu. Halafu wakaleta mashine hii. Majira yale ya kwanza tulianguka kila Jumapili, yeye akivuta mbele, mimi nikibaki. Mwishowe akachoka kuanguka."

"Akafanyaje?"

"Akaanza kuningoja," akasema Mama Rosa, akarudi jikoni kuangalia viazi vyake.

Nilipanda tena na mzee yule yule. Safari hii nilisimama sawasawa naye, na chuma kikatupokea sote wawili. Loo, Baba Kemunto! Polepole hivyo, ndani ya ukungu, huoni mbele, huoni nyuma, unamwona yule wa ubavuni tu. Mzee alikuwa akipiga mluzi wa wimbo fulani. Nikageuza kichwa kidogo nikaona uso wake wote, hata matone ya ukungu kwenye nyusi. Na hapo hapo, bila kukuita, ukaja wewe. Uso mzima, pamoja na ile alama ya sikioni, na ulikuwa unajaribu kutocheka.

Tangu siku hiyo naota mchana. Nikitandika vitanda vya wagonjwa, shuka nyeupe ikijaa upepo, mimi niko Keroka na wewe. Umevaa sweta mbili na lile koti juu. Chuma kinakuja, unataka kuvuta mbele, nakushika kiwiko. Wewe ni mrefu, itabidi uiname kidogo. Tunapanda, na kwa kuwa mbele hakuna kitu cha kuangalia, unaniangalia mimi. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani ananiuliza nacheka nini, namwambia mto umekaa vibaya.

Mengine ya Keroka ni haya. Mlima wake ni mpole, ukianguka unaanguka kama kwenye pamba. Mama Rosa anapika viazi na maziwa, na nguruwe nikimwambia asiweke haweki. Jumamosi watu hujaa mno, lakini hiyo ni Sabato yetu, tutakaa ndani tusome na kuimba, Jumapili tuwe na nafasi. Mbao za kukodi zipo. Tena mkwe wa Mama Rosa, seremala, amejichongea ubao mmoja mpana, anausimamia kwa ubavu na kuteremka nao, na kijiji kizima kinatikisa kichwa. Mimi nilimwelewa mara moja. Si ndivyo sisi tulivyokuwa tunateleza juu ya gome la mgomba mvua ikinyesha, tukirudi nyumbani na nguo za kupigiwa? Amesema atakupa ujaribu. Ila ujiandae kwa jambo moja: mkwe huyo anakula meza moja na mama mkwe wake, na nimemwona kwa macho yangu akimrushia theluji. Nilitaka kukimbia, nikakumbuka siko Kisii.

Basi hilo ndilo jibu la maandishi yako madogo. Mimi nimechagua Keroka. Ukitaka Manga nitakubali, nitapanda nyuma yako, nitakuwa na furaha kwamba umekuja. Lakini roho yangu iko Keroka. Na kaka yako umwambie hivi: hutakuwa unamfuata mke. Kwenye chuma kile hakuna anayemfuata mwenzake, mmoja akitangulia kinawaangusha wote wawili.

Usiniandikie tena nitafikiria. Niandikie ndiyo, au niandikie hapana nilie nimalize. Na ukisema ndiyo, anza mazoezi. Sabato hii mkienda kanisani na Kemunto, tembea naye sambamba, punguza hatua zako, umwache akuangalie. Asije akakua naye akiujua mgongo tu.

Msalimie sana Mama, mwambie dawa ya kuchua natuma. Msalimie kaka yako mkubwa, sina kinyongo naye, nina hoja tu. Msalimie wifi Moraa anayetukamulia ng'ombe, na Mchungaji, mwambie nalikumbuka hubiri lake la harusi vizuri sana. Kemunto umbusu kwa niaba yangu, mbele za watu. Ukija, beba unga wa wimbi, Mama Rosa anataka kuonja uji.

Nitakuwa kituo cha treni bondeni. Nakujua, utashuka, utalinyanyua sanduku, utaanza kwenda. Usitangulie, Mwalimu. Njia huijui. Simama hapo hapo kwenye theluji, ugeuke, nikuone.

Wako wa ubavuni,

Kerubo