Spika ya Ng'ombe wa Baba

Jumapili, 7 Juni 1987

Bugi la leo, dansi letu la Jumapili, limejaa kupita kiasi. Ukumbi wote wa Musoma mjini ni vichwa tu, wengine wamening'inia madirishani. Wanatuita: Radi Bendi, Radi Bendi! Mimi nilitamani kujificha nyuma ya dramu za Boniphace.

Spika imeniumbua. Ile karatasi ya ndani imechanika, na wiki iliyopita niliibandika kwa kipande cha mfuko wa saruji na uji wa muhogo. Wimbo wa pili tu, kikabanduka. Kila nikigusa nyuzi nene – krrrr. Vidole vyangu vinatoa sauti safi, spika inaipokea na kuitafuna.

Cha ajabu, vijana hawajali. Tena pale inapokwaruza ndipo wanaporuka zaidi. Nadhani wananionea huruma, wananitia moyo. Masatu, mwimbaji wetu, anasema wanashangilia jinzi yake. Jinzi ya mtumba, imembana hadi anaimba kwa shida! Watu wanafuata gita langu la solo, hilo liko wazi. Ila siwezi kumwambia, atanuna wiki nzima.

Jumanne, 9 Juni

Nimezunguka maduka yote. Spika hakuna. Zipo sabuni za harufu, pipi, mafuta ya nywele, redio za plastiki. Nchi imefunguliwa, wanasema. Kwa sabuni imefunguliwa kweli. Mwenye duka mmoja amenishauri niende Sirari, mpakani, za Kenya zinapatikana. Nikamuuliza niende na nini. Akacheka.

Jumamosi, 20 Juni

Nyamuswa, kwa Baba. Nilijiandaa kutukanwa, nikatukanwa. Hajawahi kuja kutusikiliza hata mara moja. Kwake gita ni kazi ya mtu aliyeshindwa jembe.

Halafu akauliza kitu: mbona vijana wa hapa wanaacha ng'ombe zizini wanatembea hadi Bunda bendi ikifika? Wanafuata nini hasa? Nikajibu muziki mzuri, Baba. Akasema mzuri kivipi? Nikakwama! Mtu unapiga gita miaka yote hii, unaulizwa swali la namna hiyo, unabaki kutazama viatu. Nikamweleza kwamba kwa sasa sauti ni mbovu kwa sababu ya spika, nikipata nzima hata yeye ataelewa.

Jioni akanipeleka zizini. Akaniambia yule dume mwekundu alimtenga kwa mahari yangu, ila kwa kazi yangu hii hakuna mzee mwenye akili atakayenipa binti. Kwa hiyo nimuuze, ninunue hicho kidude, tuone. Mama akaingia jikoni. Anampenda yule dume.

Nimefurahi na nimeona haya, vyote kwa pamoja.

Ijumaa, 3 Julai

Dume ameuzwa, nimerudi kutoka Sirari. Ninayo! Nyeusi, nzito, inanuka upya. Fundi ameifunga mchana huu. Ile ya zamani kachomoa sumaku, mabaki kayatupa jalalani.

Nikagusa uzi mmoja. Ukatoka mlio wenyewe, mwembamba, mrefu, bila vumbi. Machozi yalinitoka, na Boniphace akajifanya anakaza dramu.

Jumapili, 5 Julai

Sielewi. Nimepiga kama sijawahi kupiga. Kila noti ilisikika mpaka mlangoni. Vijana walisimama. Walisimama tu! Wengine walikunja mikono kama wako kanisani wanasubiri matangazo. Boniphace anasema labda ni joto. Joto la Julai?

Jumapili, 12 Julai

Butiama. Mbaya zaidi. Wimbo wa tatu nusu ya watu wamo nje wanatafuna miwa. Masatu ananilaumu mimi, mimi namlaumu yeye. Tumerudi Musoma kwenye lori la mahindi, kila mtu kwenye gunia lake.

Jumatano, 15 Julai

Leo nimepata jibu. Bora nisingeuliza.

Nilipita sokoni kwa Wegesa. Huyu dada anauza mitumba, kwao ni Tarime, na hakosi bugi hata akiwa na malaria. Jumapili ya Butiama hakuja. Nikamuuliza kulikoni.

"Kaka Florian, usikasirike," akaanza. Nikajua nitakasirika.

Akasema siku hizi tunapiga kama redio. "Sasa redio si ninayo nyumbani? Zamani gita lako lilikuwaga linaunguruma. Babu yangu akipiga litungu, lile zeze la huku kwetu, zile nyuzi zinagongaga ngozi, krrr, unasikia humu tumboni. Lakini litungu ni la wazee. Sisi wasichana tukisogea tunafukuzwaga. Kwenu lilikuwa na umeme, lilikuwa kubwa, na halina mzee wa kutufukuza. Lilikuwa la kwetu."

Nikamwambia lile halikuwa litungu, lilikuwa tobo kwenye spika. Akasema kwani tobo lina ubaya gani.

Nikauliza, na vidole vyangu je? Akafikiri kidogo, kwa heshima. "Vidole navyo vilikuwa vizuri."

Navyo!

Nimetembea mpaka ziwani nikakaa kwenye mawe. Nimechukia. Miaka yote najifunza kuondoa ukwaruzo, kumbe ukwaruzo ndio bendi. Si mimi, si jinzi ya Masatu. Ni karatasi iliyochanika. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nikifumba macho nasikia anachosema. Litungu nimelisikia tangu utoto kwenye harusi za kwetu. Nililiona ni kelele za wazee, nikakimbilia gita.

Alhamisi, 16 Julai

Nimewaeleza wenzangu. Masatu papo hapo: tuichane. Eti wembe mmoja tu na Radi Bendi inafufuka. Nikamuuliza ng'ombe ni wa baba yake? Boniphace anasema mwenye ukumbi wa Bunda ametuonya, Jumapili hii watu wakitoka tena, hatuna bugi kwake. Na Musoma wameshatupunguzia siku. Hatuna kwingine.

Nimekataa. Nimejaribu kupachika kipande cha bati nyuma ya nyuzi. Kinalia kama sufuria. Nimejaribu karatasi ya daftari mbele ya spika. Inapepea tu.

Jumamosi, 18 Julai

Ujumbe kutoka Nyamuswa kwa kondakta wa basi: Baba anakuja Bunda kesho. Atavaa koti. Anataka kusikia ng'ombe wake.

Kwa nini sasa? Kwa nini kesho!

Jumapili, 19 Julai

Bunda. Mapumziko. Naandika nikiwa chumba cha nyuma ya jukwaa, mwandiko mbaya kwa haraka.

Nusu ya kwanza imekwisha. Ukumbi ulianza kumwagika tangu wimbo wa pili. Wegesa yuko mlangoni, kaja toka Musoma, ananitazama mimi tu. Na Baba yuko mstari wa mbele, kwenye kiti alicholetewa na mwenye ukumbi, fimbo katikati ya magoti. Anatabasamu. Baba! Nilipomaliza solo alimgeukia jirani yake akamwambia kwa sauti, nikasikia, huyo ni mwanangu, sikiliza kila uzi unavyojisemea.

Nimeisubiri sentensi hiyo tangu nikiwa mtoto. Na wakati anaisema, vijana walikuwa wanatoka.

Masatu kaniwekea wembe juu ya amplifaya. Kisha akaenda kunywa maji. Mwenye ukumbi kapita: kipindi cha pili kikiwa hivi hivi, tufunge vyombo.

Nimeichana.

Mkato mmoja, mfupi, pembeni. Nikajaribu uzi mnene kwa sauti ya chini. Krrr. Kidogo tu, lakini ipo. Nikasisimka mpaka mgongoni, sikatai. Nje mtu kapiga mluzi, na wengine wakaanza kurudi ndani, nasikia miguu. Haitoshi. Masatu amerudi, anasema nipanue, dakika zinakwisha. Wembe bado ninao mkono wa kushoto, kwa kulia naandika ili nisikate zaidi.

Baba ametuma salamu kwamba haondoki bila kuiona spika kwa karibu. Nimemwambia Boniphace amzuie, amwambie baada ya bugi. Boniphace hawezi kumzuia mzee.

Baba yuko mlangoni. Anauliza, spika ni ipi?