Nimewalisha Samaki wa Harusi Vijidudu Hai

Mshauri wa gazeti, pokea salamu zangu na unijibu upesi, maana nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, niliachia darasa la pili lakini herufi zote nazijua, na nikimpa mtu aniandikie kesho Bamburi nzima itajua.

Mimi nimechonga mawe timboni miaka thelathini na moja, na timbo lilipofungwa wenzangu walirudi mashambani, mimi nikatandika plastiki nzito shimoni nikatia maji nikafuga tilapia, watu wakanicheka, leo wanaopanga foleni kununua ni walewale, na kuanzia Kisauni mpaka Shanzu hakuna mwenye samaki wanene kama wangu, muulize yeyote.

Sasa mkaza mwanangu Mbeyu alikwenda semina ya ufugaji akarudi na pakiti ya unga, akaniambia, "Baba, hiki chakula cha kiwandani ni kizuri, lakini unga huu una bakteria wazuri, wanakaa tumboni mwa samaki wanamsaidia kusaga chakula. Kijiko kimoja na mafuta kidogo, changanya na zile punje, anika kivulini. Umeelewa?" Nikamwambia nimeelewa, mimi si mtoto. Ukweli nilidhani bakteria ni aina ya vitamini, na kumuuliza mke wa mwanangu sikuweza, basi nikatia miezi mitatu, samaki wakanenepa, nikasimama kanisani nikasema harusi ya binti yangu Purity, Jumamosi ya wiki ijayo, wageni mia mbili watakula samaki wa mkono wangu.

Wiki iliyopita nikavaa miwani nikasoma ile pakiti herufi kwa herufi, ikasema VIJIDUDU HAI. Mshauri, nikasoma tena, ni yaleyale. Vijidudu si ndio hao tunaoambiwa tunawe mikono kwa ajili yao? Na siku ileile mjukuu wangu Faith, mtoto wa Mbeyu, ana miaka minne, akaanza kuhara, na jana yake alikula samaki wangu mpaka kichwa. Mbeyu anampa uji, anasema ni maji tu yamembadilikia.

Nikaenda duka la dawa nikasema nina kidonda, nikapewa zile kapsuli za rangi mbili za kuua vijidudu, nikaenda duka la pili na la tatu, nikazifungua zote nikazimwaga kwenye chakula cha samaki, sasa ni siku ya sita. Badala ya kupona wamegoma kula, wamekaa juu ya maji wanatweta, kinyesi chao kirefu cheupe kama uzi, na watano wamekufa nikawazika kwa siri. Mke wangu ananiuliza, "Baba Purity, mbona samaki huli siku hizi?" Namwambia meno. Anasema, "Meno yapi, hayo mawili?" Faith anapata nafuu, kisha anarudia.

Jana Matano, mpishi wa harusi, amechungulia bwawani akasema, "Mzee, hawa mbona wamesinzia kama nyinyi wazee kwenye mahubiri?" Alhamisi ya wiki ijayo anakuja na wavu. Nikifumba macho nawaona wageni wanaanguka mmoja mmoja kwenye viti vya harusi, na mimi ndiye niliyewaua. Nikisema, nimekwisha kwa aibu. Je, niongeze kapsuli?

Mwenye bwawa, Bamburi

JIBU

Usiongeze hata moja! Nimeanza na hilo, sasa shikamoo mzee wangu.

Hofu yako naielewa, maneno yale yangemshtua hata aliyesoma. Lakini umeogopa kisichodhuru ukakimbilia kinachodhuru. Tumbo la samaki, kama langu na lako, limejaa vijidudu, na wengi wao wanafanya kazi: wanasaga chakula na kuwabania nafasi wale wa maradhi. Maziwa mala unayokunywa yamegandishwa na jamaa zao. Mbeyu alikuambia kweli. Wewe umemwaga dawa ya binadamu isiyochagua, na huenda ndiyo iliyowavuruga matumbo. Mabaki yake sasa yamo ndani ya nyama, na kukaanga hakuyaondoi.

Na hapa nakukasirikia. Samaki wamepata dawa ya maduka matatu, mtoto hajapata hata kliniki! Kuhara kuna sababu nyingi, maji ya kunywa yakiwa ya kwanza, lakini kwa mtoto wa miaka minne siku sita ni nyingi mno. Apelekwe leo. Njiani anyweshwe yale maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na kapsuli zako asiguse.

Mweleze Mbeyu kila kitu, pamoja na hao watano uliowazika. Yeye amwite afisa wa uvuvi, mumwonyeshe maganda ya kapsuli ajue ni dawa gani, awaambie ni wiki ngapi zipite kabla mtu hajala samaki wale. Chakula chenye dawa kifunge guniani, hata kuku asidonoe. Maji ya bwawa usiyafungulie mtaroni.

Purity ataolewa kwa kuku na maharagwe ya nazi, na atakuwa mke wa mtu vilevile. Aibu utaipata, siwezi kukudanganya, na Matano atakucheka mpaka akae chini. Vumilia. Wageni mia mbili wanakuja kula bila kuuliza kwa sababu wanakuamini, na anayejua kilichomo bwawani ni wewe peke yako. Kunja gazeti, mpigie Matano, mwambie wavu auache nyumbani. Akikuuliza kwa nini, usiseme meno.