Macho ya Bibi Kabula

Igunga, Jumapili, mwezi wa tano.
Huu ni mwezi wa nane tangu nitoke nyumbani Songea.

Mama, shikamoo. Kifua kimeachia? Mimi mzima, ila mgongo unauma kwa kuinamia mpunga wa watu kutwa. Lakini siandiki kwa ajili ya mgongo.

Wiki iliyopita ndama wawili wa tajiri wangu walikufa. Akaniuliza, "Nani alipita zizini?" Nilikuwa nimemwona bibi mmoja, jina sikulijua. Alibeba kikapu, amejifunga kitenge cha kijani. Ningeweza kusema hivyo. Nikasema, "Kale kabibi kenye macho mekundu." Wenzangu wakacheka, nami nikacheka. Tajiri hakucheka. Huku, Mama, kikongwe mwenye macho mekundu wanamwita mchawi, na wapo waliouawa kwa hilo. Nilishasikia. Ulimi ukatangulia.

Jioni ile kijiji kizima kilikuwa na neno langu. Bwana mifugo alikuja, akasema ni ugonjwa wa kupe. Nani alimsikiliza? Vijana wakaanza kupita mlangoni kwa bibi wakipiga miluzi.

Nikaenda kwake. Anaitwa Bibi Kabula. Nilimkuta jikoni, moshi umejaa, anapikia mavi makavu ya ng'ombe, maana kuni huku ni shida. Hayo ndiyo aliyofuata zizini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyeyaona macho yangu?"

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Na kikapu changu hukukiona?"



Nimesimama mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na watu wote, nikasema nilikosea. Mmoja akanijibu, "Tulia, wa kuja. Si wewe mwenyewe uliyetuonyesha?" Wakacheka tena. Kesho mwana wa Bibi Kabula anakuja kumchukua ampeleke kwake Puge, aiache nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi. Nimeomba nimbebee mizigo. Bibi amekubali, ila haniangalii.

Mama, na macho yako ni mekundu. Nayajua tangu utoto, na siku zote nilijua ni moshi. Kwako nilijua, kwake nikacheka. Naona haya hata kukuandikia.

Nisalimie dada anayekutunza, na mjomba wa ng'ambo ya mto. Narudi mpunga ukishavunwa, kabla mwezi wa saba haujaisha. Usimwite fundi yeyote. Dirisha la jiko lako nitalitoboa mimi.

Mwanao,
Osmundi