Ule Weusi wa Juu

Tarehe 4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwako na hayo magoti yako.

Kile kipande cha gogo ulichonitumia kimenitia wazimu wa furaha. Vidoa vyeusi ulivyodhani ni kinyesi cha mende ni kuvu, wadogo kuliko kichwa cha pini. Nilikata kimoja kwa wembe, nikakiweka kwenye hadubini: vifuko vimepangana, kila kimoja kimebeba mbegu nane. Kuvu huyu hayumo vitabuni, Baba! Hata mkuu wa maabara hamjui. Ila mbegu zake zilikuwa changa, na bila zilizokomaa hapewi jina. Nakuomba kipande kingine cha gogo lilelile, kabla wenye matrekta hawajalisafisha bonde. Akipatikana, nitampa jina la Mama, Mungu amrehemu.

Mwanao,
Kitindamimba

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu kitindamimba,

Marahaba. Mimi sijambo kwa upande wa juu. Magoti yana serikali yao. Mama yako angecheka: nimekusomesha utoke kwenye maranda ya useremala, kumbe unalipwa kuchungulia kuni zilizooza.

Bonde limekwisha. Gogo letu nililikuta limesukumwa kwenye lundo la kuchomwa. Nikamsihi dereva wa trekta, akaniacha nikate kipande chenye vidoa, navyo safari hii vilikuwa vimenenepa kweli. Kesho yake lundo zima lilikuwa majivu.

Usiwe na wasiwasi, sitakutia aibu mbele ya wakubwa zako. Fundi hapeleki mbao chafu kwa watu. Ule weusi wa juu nimeupangusa, maana kuoza huwa ndani ya mti, hilo sifundishwi. Nikapiga msasa, nikapaka mafuta. Kinang'aa!

Niambie jina la mama yako limeandikwaje.

Baba yako

Tarehe 20 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mzigo umefika. Asante sana. Pumzika.

Mwanao

Tarehe 9 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Barua yako nimeigeuza nyuma nikitafuta maneno mengine. Hata ulipovunja kioo cha kabati ulinyamaza hivihivi.

Nimemfuta, siyo? Ule weusi ndio uliokuwa yeye. Nimerudi bondeni, ni kokoto tupu. Naumia, mwanangu, kuliko ninavyoweza kuandika. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini kitambaa nilichopangusia kilikuwa bado kwenye msumari wa karakana. Nakutumia. Sijakifua.

Baba

Tarehe 1 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini unakula.

Ndiyo, Baba, ndiye yeye. Na mimi nina kosa, sikukueleza. Nilidhani kila mtu anajua, kwa sababu mimi najua.

Kitambaa nimekipekua uzi kwa uzi. Mafuta, vumbi la mbao, vifuko vilivyosagika. Nilikuwa nimeshakata tamaa nilipoiona mbegu moja, ya kahawia, imekomaa, ina mstari katikati. Nzuri, Baba, laiti ungeiona. Lakini moja haitoshi. Haitoshi kuotesha, haitoshi kuandikia jina, na gogo lingine hakuna. Mkuu wa maabara ameniambia niachane nayo, na anasema kweli.

Mbegu hiyo nimeibana kati ya vioo viwili vyembamba. Pembeni huwa tunabandika karatasi yenye jina. Nimeandika la Mama. Hapa kazini halitambuliki, kwa hiyo nakutumia wewe. Kwa macho hutaona kitu, utadhani ni kioo kitupu chenye vumbi kidogo.

Nakuomba, Baba, usikipanguse.

Mwanao,
Kitindamimba