Sare ya Bibi

Shangazi Salhiya, shikamoo.

Sijamwambia mtu: sare ya bibi ya kwenda harusini haikupotea kwa fundi. Baba aliificha, nami nimeiiba kabatini mwake.

"Mama, umri huo ukapige tari harusini Mtoni? Kaa uvute tasbihi," alimwambia. Tangu siku hiyo bibi hatoki. Majirani wakimwita anajibu, "Nshazeeka mie." Wiki mbili zimemzeesha kuliko miaka sabini! Nina hasira hadi nalia.

Leo, siku ya harusi, baba alipotoka, nilimvisha. Akajitazama kwenye kioo, akafoka, "Tari langu liko wapi? Wataanza bila mimi!" Akashuka ngazi zetu za Michenzani bila kunishika mkono.

Baba atakupigia simu kuuliza. Tafadhali, usimwambie ni mimi.

Mwanao,
Bashira