Nilibadilisha Sala ya Saa Sita, Bosi Akafuta Faili

Mpendwa Manang Salud, dada yetu wa ushauri gazetini,

Nisaidie, na nisaidie upesi, maana Ijumaa haiko mbali na mwenzangu asiye na kosa anaweza kuondolewa kazini kwa ujinga wangu. Mimi ni fundi mitambo katika redio ndogo hapa Iloilo, Ufilipino. Majina nimeyabadilisha, ingawa kilichotokea mkoa mzima ulikisikia.

Tuna mtangazaji, nimwite Nong, yaani kaka, Senyong, anayejisifu kwamba tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumshtua, na kila siku saa tano na robo huvaa spika za masikioni akaisikiliza rekodi ya sala ya Malaika wa Bwana kabla haijarushwa saa sita mchana, basi shetani akanipitia, nikaandika faili la amri, yaani orodha ya maagizo ambayo kompyuta inayafuata mstari kwa mstari: kwanza ibadilishe majina ya rekodi mbili, ile ya sala ichukue jina la ile ya bosi wetu Madam Remedios akiimba karaoke kwenye sherehe ya Krismasi, na ya karaoke ichukue jina la sala, halafu isubiri dakika ishirini, halafu irudishe majina kama yalivyokuwa, na mwisho faili lijifute lenyewe nisijulikane. Ili mtu asilifungue nikaliita Takataka. Manang, nilijiona nina akili kweli.

Saa tano na dakika kumi nikaliwasha. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Nong Senyong akachelewa, alikuwa mtaa wa La Paz anamalizia bakuli la pili la bachoy, ile supu ya tambi, akaingia saa sita kasoro dakika tano akijifuta mchuzi kidevuni, hakusikiliza rekodi yoyote. Mimi sikujali, nilijua ikifika saa tano na nusu mambo yatajirudi yenyewe, nikaenda zangu kunywa kahawa.

Saa sita kengele ikalia, watu sokoni wakasimama, wakafanya ishara ya msalaba, na redio ikawapa Madam Remedios akilia kwamba mpenzi amemwacha kwenye mvua, na katikati ya wimbo anakohoa na kupiga kelele, "Puring, ongeza sauti!"

Sasa huyo Puring ndiye mtunza rekodi wetu, ana miaka ishirini na sita kazini, na ndiye peke yake mwenye neno la siri la sanduku la rekodi ndani ya kompyuta, ukinitoa mimi niliyelichungulia begani kwake. Madam akatuita wote.

"Puring, umeniimbisha mbele ya Bikira Maria!"

"Madam, naapa, hiyo kompyuta sijaigusa. Nilikuwa nakula."

"Jina lako limesikika mpaka kisiwani Guimaras! Halafu unaniambia ulikuwa unakula?"

"Jina langu umelitaja wewe, Madam."

"Unanijibu jeuri na wewe! Kompyuta yenyewe nimeisafisha mimi kwa mkono wangu, saa tano na ishirini. Kulikuwa na faili limeandikwa Takataka, nikalitupa, na pipa nikalimwaga. Ilikuwa safi!"

Manang, nilipobaki peke yangu nikakuta kidirisha cheusi kinachoonyesha amri kimesimama na ujumbe mmoja: faili la amri halionekani. Kompyuta ilimaliza kusubiri, ikarudi kusoma mstari unaofuata, ikakuta hakuna cha kusoma. Nusu ya kuharibu ilifanyika, nusu ya kutengeneza akaitupa bosi.

Nang Puring, dada yetu sote, ameshaanza kufunga vitu vyake kwenye boksi, na nikipita ananiuliza, "Toto, umekula?" kama kawaida. Ijumaa uamuzi unatolewa. Je, nikiri? Nikikiri, naweza kusema kosa ni nusu langu nusu la Madam? Au niandike faili jingine lionyeshe kwamba ni hitilafu ya mtambo tu?

Mwoga wa Chumba cha Mitambo

*

Manang Salud anajibu:

Toto, Ijumaa haikungoja gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu siku ileile. Nachapisha hapa kwa sababu wenye akili kama zako ni wengi maofisini.

Kwanza, pole. Pili, una wazimu? Hujamaliza kuzima moto wa faili la kwanza, unaniuliza kuhusu faili la pili!

Mimi kabla ya kuandika safu hii nilikaa miaka kumi na minne chumba cha kompyuta cha kampuni ya meli, najua unachokizungumza. Aina hiyo ya faili kompyuta hailimezi lote. Husoma mstari, hutenda, hurudi tena kutafuta mstari mwingine. Likifutwa katikati, kazi inakatika palepale. Ungeweza kufungia amri zote ndani ya mabano mamoja, ikazisoma kwa mkupuo kabla ya kuanza, na hapo hata faili likifutwa ingemaliza kazi. Au ungefanya kazi na nakala iliyowekwa mahali ambapo mikono ya watu haifiki. Na faili ambalo bado linafanya kazi huliiti Takataka! Ungeliita Usiguse, Madam angekuita akuulize, na utani wako ungekufa ukiwa mdogo.

Lakini usijidanganye kwamba kosa lako ni la mabano. Umemwacha mwanamke abebe boksi huku anakuuliza kama umekula.

Nilikuambia: mwambie Puring kwanza, leo hii, kabla ya bosi. Halafu ingia kwa Madam mbele ya walewale waliomsikia Puring akikaripiwa. Usiseme nusu kwa nusu. Akiuliza kwa nini majina hayakurudi, eleza, kisha funga mdomo.

Ulinipigia Ijumaa saa nne unahema. Puring alikupiga na kandambili mgongoni, mara mbili, halafu akakuuliza, "Faili uliliitaje?" Ulipomwambia, alikaa chini ya meza akicheka mpaka machozi, akakushika mkono mkaingia wote. Madam alisikiliza yote. Akasema, "Kwa hiyo ningeacha uchafu, nisingeimba." Kisha akamwomba Puring radhi, mbele ya wote, kwa sauti ndogo ambayo unasema hujawahi kumsikia nayo. Wewe akakutoa mitamboni miezi mitatu: utapokea simu za wasikilizaji. Na unalalamika kwamba simu zote zinauliza ule wimbo utarudiwa lini!

Usilalamike. Pokea kila simu, sema "Redio haina habari hiyo, asante," kwa adabu. Neno la siri la Puring mwombe alibadilishe leo, na akiandika geukia ukutani. Boksi lake bado liko mlangoni, umeniambia. Ukimaliza kusoma hapa, weka gazeti chini, ulibebe wewe, umrudishie kila kitu mezani kwake pale kilipokuwa. Usiandike amri. Tumia mikono.